Fonti moja, majina chungu nzima: «Fett» ni nini?

SWALI: Habari fundi. Nimeandika programu ya kutengeneza kadi za harusi kwenye Linux. Mtu akichagua fonti, programu huhifadhi familia na mtindo, mfano «Arial» na «Bold». Mwenzangu aliyeko Ujerumani amenitumia kadi yake, faili limeandikwa «Fett», na kwangu programu inadai mtindo huo haupo. Je, fonti zangu zimeharibika?

JIBU: Hazijaharibika. «Fett» ni «Bold» yako hiyohiyo, kwa Kijerumani. Andika kwenye terminali amri hii ya kuorodhesha fonti:

fc-list Arial style

Kwenye mstari wa herufi nzito utakuta Bold, Fett, Gras, Negrita na wenzake wengi, wote wa faili moja. Ndani ya fonti mna jedwali liitwalo name, na kila jina humo lina namba ya aina (1 ni familia, 2 ni mtindo) na namba ya lugha. Kiingereza cha Marekani ni 1033, Kijerumani 1031. Kompyuta ya mwenzako ilichukua la 1031, yako la 1033. Kiswahili nacho kina namba yake, 1089, ila Arial haina jina hata moja chini yake. Ndiyo maana hata ukigeuza kompyuta yote iwe ya Kiswahili, bado utasomewa «Bold».

Kosa basi ni la programu: imehifadhi jina lililowekwa lisomwe na mtu. Hifadhi jina la PostScript, yaani jina la kiufundi la fonti linalosomwa na programu, aina namba 6. Kwa Arial nzito ni Arial-BoldMT, na halitafsiriwi. Familia usiiamini sana pia: fonti ya MS Gothic kwenye kompyuta ya Kijapani huitwa ＭＳ ゴシック.

Wengine huhifadhi uzito kwa namba. Sawa, lakini angalia kipimo. Ndani ya fonti, kama ilivyo kwenye CSS (lugha ya kupamba kurasa za wavuti), nzito ni 700. Kwa fontconfig, mfumo wa Linux wa kutafuta fonti, nzito ni 200 na ya kawaida ni 80. Mimi niliwahi kupeleka 700 kwenye fontconfig, nikapoteza alasiri nzima nikilaumu fonti isiyo na hatia.

Kadi za zamani usizitupe. Fontconfig hulinganisha na majina yote, si la lugha yako tu, kwa hiyo:

fc-list "Arial:style=Fett" postscriptname

itakurudishia Arial-BoldMT. Ifanye programu iulize hivyo kila inapofungua kadi ya zamani, kisha ihifadhi upya.