Siga ya Kuba mikononi mwa mchambuzi wa Urambo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Umewahi kuonja kitu cha bei kubwa? Ulijuaje kama kinastahili bei yake?" Nimewahi, mwaka jana, hapa Tabora mjini, chini ya mwembe wa shemeji yangu. Kitu chenyewe kilikuwa siga, ile sigara nene ya majani matupu, isiyo na karatasi wala kichungi. Shemeji anafanya kazi hotelini Unguja, na mgeni mmoja alimwachia moja iliyotoka Kuba. "Shemeji, wewe ndiye mtu wa tumbaku," akaniambia, "hebu nipimie."

Nimezaliwa Urambo, kule ambako Waingereza walijaribu karanga baada ya vita kuu ya pili, zikawashinda, tumbaku ikashika nafasi. Nimechambua tumbaku na kuipanga madaraja miaka 22 kwenye ghala la chama cha msingi. Sigara sivuti. Mtacheka, lakini mchambuzi kazi yake haihitaji mdomo. Ana macho, vidole na pua.

Macho ndiyo yaliyoniangusha. Tumbaku yetu ni ya mvuke. Ikitoka bani, yaani banda la kukaushia kwa moto, tunataka jani la njano au la rangi ya chungwa. Likiingia ukahawia daraja linashuka, na bei inalifuata. Siga ile ilikuwa nyeusi-nyeusi kama buni zilizokaangwa. Nikajisemea, hii kwetu ingelala ghalani. Kumbe njia zenyewe ni mbili tofauti. Bani letu linamaliza kazi kwa moto ndani ya wiki moja hivi, na sukari inabaki kwenye jani. Jani la siga linatundikwa bandani likauke kwa hewa tu, mwezi na zaidi, sukari yake inaliwa karibu yote. Halafu linalundikwa likiwa na unyevu, lundo linajipasha joto lenyewe na kutoa amonia ya kuchoma macho, mpaka ukali upungue. Ndiyo sababu moshi wa siga haumezwi: hauna uchachu wa moshi wa sigara, kwa hiyo nikotini inaingilia mdomoni humohumo. Hilo sikuhitaji kufundishwa. Mtoto yeyote wa Urambo aliyewahi kuvuna jani lenye umande, jioni akatapika, anajua nikotini haina haja ya mapafu.

Vidole havikukosea. Ilikuwa Julai, hewa yetu kavu, na siga ilikuwa imesafiri ndani ya begi. Niliibonyeza karibu na sikio, ikalia kama jani la mgomba lililokauka. Kwenye mabani, kabla ya kushusha tumbaku, tunaacha mlango wazi usiku ili jani lilainike, la sivyo linavunjika mikononi. Nikafanya hivyohivyo kidogokidogo: kopo la plastiki lenye mfuniko, kitambaa chenye unyevu pembeni kisichoigusa, wiki mbili. Ukiharakisha, majani ya ndani yanavimba na la nje linapasuka. Shemeji alikuwa ananipigia simu kama anayeulizia mgonjwa.

Siku ya siku niliibonyeza tena kutoka mwanzo hadi mwisho. Ililainika vizuri, ila karibu na kichwa, upande wa mdomoni, palikuwa na kidonge kigumu. Nikakiweka akilini. Nikanusa mguu wake, upande unaowashwa, kabla ya kuwasha: mbao ya mninga iliyotoka kupasuliwa, na kwa mbali zizi la ng'ombe. (Zizi si kasoro. Nilimwambia shemeji hivyo, hakuniamini.)

Nilikata kichwa kwa wembe, nikaipasha mguu kwa njiti mbili za kiberiti bila kuigusisha moto. Kosa langu la kwanza: nilivuta harakaharaka kama nilivyowaona wavuta sigara, ikachemka na kuwa chungu. Nikapunguza, mvuto mmoja kwa dakika, moshi unakaa mdomoni kisha unatoka. Hapo ikafunguka. Mwanzoni karanga za kukaanga. Katikati ndipo penyewe: kahawa bila sukari, ngozi ya kiatu kipya, na utamu mdogo nyuma ya ulimi unaofanana na asali ya miombo ile nyeusi. Majivu yalishikamana urefu wa kifundo cha kidole bila kudondoka. Lakini tangu mwanzo moshi ulikuwa unapita kwa shida, mashavu yakaniuma. Ilipobaki theluthi moja ikawa kali tupu, nikaiweka chini, ikazimika yenyewe.

Shemeji akauliza, "Sasa ni nzuri au si nzuri?"

Nikachukua wembe, nikapasua kile kipande na kutandika majani juu ya gazeti, kama niko kwenye meza ya ghalani. Jani la nje, jembamba, mishipa haionekani: sina neno. Jani la kufungia, zito kidogo, sawa. Ndani majani marefu, si vipande. La chini ya mmea la kusaidia kuwaka, la katikati la harufu, la juu la nguvu, kila moja nililitambua kwa unene wake. Na katikati yao, pale palipokuwa na kile kidonge, kipande cha mshipa mkuu, kinene kama njiti ya kiberiti, ambacho mtu alisahau kukitoa.

Nikamwonyesha. Kwetu mzigo uliochambuliwa vibaya anarudishiwa mwenyewe akachambue upya.