Vipimo Viko Sawa, Mkono Unawaka

Juzi usiku, nikiwa nimeshazima taa, ukaingia ujumbe kwenye simu kutoka kwa binti mmoja msusi, yuko Dodoma. "Dada shikamoo. Huu ni mwezi wa saba mkono wangu wa kulia unawaka moto, kuanzia bega mpaka vidoleni. Nimepiga eksirei ya shingo, nimepima sukari, nimepima damu, kote naambiwa niko sawa. Shangazi anasema nimeanza uvivu. Dada, mimi naumwa au siumwi?"

Nilikaa kitako kitandani nikausoma mara tatu. Swali hilo hilo niliwahi kuliuliza mwaka 2021, nikaliuliza kwa watu wasiostahili kuulizwa, na baadhi ya majibu yao yananiuma mpaka leo kuliko mkono wenyewe. Nikamjibu: "Marahaba mdogo wangu. Unaumwa." Kisha nikaona jibu hilo halimtoshi mtu anayelala na moto kitandani kila siku. Ndiyo maana naandika, kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote mnaokula kwa mikono yenu, mnaoshika sindano, kitana, chaki au mwiko wa saruji, na ambao bado mnataka kazi ikue, mpate tenda kubwa, muajiri vijana. Najua mnataka, kwa sababu hata mimi nilitaka hivyo, na ni hapo hapo mkono uliponikamata.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro, mwaka wa 17 sasa. Januari ile ya 2021 nilipata tenda yangu ya kwanza ya sare za shule, jozi 140, sketi na mashati. Kila fundi anajua Januari ilivyo: shule zinafunguliwa, mzazi amesimama mlangoni, mwalimu anapiga simu. Nilikuwa nakata mwenyewe, nashona mwenyewe, natia vifungo mwenyewe mpaka saa nane za usiku. Siku ya kumi na kitu nikiwa nakata sketi, tabaka sita za kitambaa kizito kwa mkasi mmoja, likanijia jambo kama shoti ya umeme. Lilianzia chini ya bega, nyuma kabisa, likapita kwenye kiwiko, likatokea kidole gumba na kidole kidogo kwa pamoja. Mkasi ukaanguka. Niliuokota nikaendelea kukata. Tenda niliimaliza kwa wakati, na kwa hilo bado najivunia, ingawa ningejua ningesimama palepale.

Kufika Machi shoti imekuwa moto. Mchana ganzi, usiku moto. Na shuka. Watu hawaamini nikisema shuka. Mimi mtu wa vitambaa, siku nzima viko mapajani mwangu, lakini shuka la pamba likinigusa juu ya kiwiko ilikuwa kama nimepakwa upupu na pilipili kwa pamoja. Nilikuwa nalala mkono ukiwa nje, juu ya mto, kama mgonjwa wa kuungua. Asubuhi nashika sufuria ya chai, vidole haviniambii kama nimeishika au la, mpaka nitazame kwa macho.

Ushauri ukaanza kumiminika. Mama mkwe akaleta mafuta ya nyonyo. Jirani akanipeleka kuumikwa chuku, nikatoka na alama tano mgongoni. Mwingine akasema ni kijicho, nimtazame vizuri fundi wa meza ya pili. Nami kwa uchungu niliokuwa nao nikaanza kweli kumtazama vibaya yule mama, mtu aliyekuwa akiniazima bobini zake kila nilipoishiwa. Nilimwomba radhi baadaye. Mtu asipopewa jina la ugonjwa wake, atatafuta jina la mtu wa kumlaumu. Jihadharini sana na hilo.

Hospitali nayo ilianza vibaya. Zahanati ya kwanza nilichomwa sindano za diklofenaki siku tano, nikapewa vidonge, nikarudi, nikachomwa tano nyingine. Mkono haukupoa, tumbo likaanza kuungua. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba dawa hizo zinatuliza uvimbe, wakati maumivu ya mishipa ya fahamu mara nyingi hayazisikii kabisa, na ukizitumia muda mrefu zinaweza kukutia vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Wangapi kati yenu mnanunua vidonge hivyo duka la dawa kila Jumamosi? Acheni.

Miezi minane iliyofuata siihadithii, ilikuwa foleni na nauli tu. Ila siku moja ndani yake siwezi kuiruka. Daktari mmoja, nisiyemtaja wala hospitali yake, aliinua eksirei yangu dirishani, akaitazama muda usiofika dakika, akasema mbele ya wanafunzi wake: "Mama, hapa hamna kitu. Punguza mawazo." Wifi yangu alikuwa amenisindikiza. Kufika nyumbani jioni, neno limeshatangulia: hana ugonjwa, ni mawazo. Kuanzia siku hiyo nikiomba kubebewa ndoo ya maji, watu wanatazamana kwanza. Nilibeba ndoo zangu kwa mkono wa kushoto mwaka mzima, nikinyamaza. Nimesamehe, lakini sijasahau.

Kilichonigeuzia mambo kilikuwa mezani kwangu siku zote. Kila mteja wangu ana ukurasa kwenye daftari la vipimo: kifua, kiuno, urefu wa mkono, tarehe. Nina wateja niliowapima mwaka 2009 na vipimo vyao ninavyo. Usiku mmoja usingizi umekataa, nafunua daftari kutafuta oda, ikanipiga akilini kwamba mikono ya mji mzima nimeiandika, wangu sijauandikia hata mstari.

Nikachukua karatasi ya kaki ninayokatia patani, nikalaza mkono wangu mpaka begani, nikauchora kwa kuuzungushia chaki. Unapowaka nikapaka chaki nyekundu. Unapokufa ganzi, ya bluu. Shoti inapopita nikapiga mstari mweupe. Kisha kwa wiki sita nikaandika: tarehe, saa, nilikuwa nafanya kazi gani, vidole vipi, imedumu muda gani, nimeyapa maumivu namba ngapi kati ya sifuri na kumi. Siku ya mkasi, nane. Siku ya kushona mashati tu, tano. Jumapili, nne. Kulala nimekunja kiwiko, nane. Nilikuwa nikisema "unauma tu kila wakati", kumbe si kila wakati.

Nilipopata rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu niliitandaza ile karatasi mezani kwake. Akainuka kwenye kiti. Akaniuliza nani amenichorea, nikasema mimi mwenyewe. Dakika arobaini nilikaa naye, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuguswa mkono na daktari tangu niugue. Alinipitishia pamba, akanidonoa kwa ncha ya pini, akagonga kiwiko kwa kinyundo, akaniambia nisukume, nivute, nibane karatasi katikati ya vidole. Akanionyesha njia za mishipa. Gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete vinapata habari kwa mshipa unaopita kwenye kifundo cha mkono, na huo ndio hubanwa kwa mafundi na wasusi wengi. Kidole kidogo na nusu nyingine ya cha pete ni mshipa unaopita nyuma ya kiwiko, pale ukigonga ukuta unaruka. Yote hiyo inatokea shingoni, katikati ya pingili. Maumivu yangu hayakufuata njia moja. Yaligusa gumba na kidole kidogo, yakaruka vya katikati.

Tukaanza upya, safari hii kwa mpango. Aliniuliza kama nimewahi kutumia dawa za kifua kikuu, kwa sababu isoniazidi inaweza kuumiza mishipa usipopewa vitamini B6 pamoja nayo. Akapima sukari, VVU, tezi ya shingo, vitamini B12. Akapapasa mshipa nyuma ya kiwiko na kukagua ngozi yangu yote kutafuta baka, kwa kuwa ukoma bado upo na huanza kimyakimya kwenye mishipa. MRI ya shingo, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, niliifuata Dar es Salaam, zaidi ya laki nne, fedha niliyokuwa nimeiweka ya cherehani mpya ya overloki. Ile safari ya basi, kila tuta la barabarani lilipita mkononi. Halafu kipimo cha kupitisha umeme kwenye mishipa, kinachochoma kama cheche ndogo za moto. Kote: sawa, sawa, sawa.

Nililia kwenye kiti chake. Nilitaka wakute kitu, Mungu anisamehe, nilitaka wakute hata kibaya ilimradi kina jina. Akasubiri ninyamaze, akaniambia: "Vipimo vimesema magonjwa ambayo huna. Havijasema huumwi." Akanieleza kwamba kipimo kile cha umeme kinasoma mishipa minene, na ile nyembamba inayobeba maumivu na joto hakiisomi. Kwenye faili akaandika maumivu ya mishipa ya fahamu, chanzo bado hakijajulikana. Niliisoma sentensi hiyo barabarani mara mbili. Neno "bado" lilinitosha kurudi nalo nyumbani.

Alinianzishia amitriptilini, miligramu 10 usiku, baadaye 25. Wifi akakisoma kikaratasi ndani ya boksi, akakuta kwamba ni dawa ya sonona, na mjadala ukafufuka: mnaona, ni kichwa. Hapana. Dawa hiyo ilianzia huko, lakini kwa kipimo kidogo inatuliza mishipa inayopiga kelele, na inatumika hivyo duniani kote. Kinywa kilikauka, asubuhi nilikuwa mzito, na ilichukua kama wiki tatu kabla sijalala usiku mzima. Msinunue kwa sababu mimi nimepata usingizi. Wenye matatizo ya moyo inaweza kuwadhuru, na ukiwa umeizoea huiachi ghafla. Mwambie daktari kila unachomeza, pamoja na vitamini, kwa maana hata B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ile ile unayotaka kuiponya.

Daftari ndilo lililonifundisha mengine. Kukata nimempa kijana, namlipa kwa jozi. Meza nimeiinua kwa matofali mpaka bega likakaa chini lilipotakiwa kukaa. Nashona dakika arobaini, napumzika kumi, hata mteja akinuna. Usiku navingirisha kanga kwenye kiwiko nisiweze kukikunja nikiwa usingizini. Hilo peke yake limeniondolea moto wa alfajiri. Mkono haujapona. Siku nyingi uko tatu, siku za baridi ya Julai unafika sita, na mara moja moja ile shoti inarudi kama siku ya kwanza. Kliniki naenda mara mbili kwa mwaka, na tangu treni ya umeme ilipoanza 2024 hata matuta hayanisumbui. Chanzo hakijajulikana mpaka leo.

Lakini Januari hii tumetoa jozi 210, mimi na vijana wawili, na hakuna mzazi aliyesubiri mlangoni. Nalisema hili wazi kwa sababu niliambiwa nimekwisha. Waliosema hivyo watoto wao wamevaa sketi zangu.

Sasa nawaambia nyinyi mnaoishi na mtu wa namna hii: amini kwanza. Huoni jipu, huoni bandeji, huoni damu, basi unadhani hakuna. Mume, mbebee ndoo bila kuuliza. Mwenye saluni, mpe binti wa watu dakika kumi za kupumzika. Mtu hachagui kudondosha sufuria ya chai mbele ya wakwe. Na wewe unayeumwa, acha kuomba ruhusa ya kuumwa. Andika. Ukienda hospitali mpya usianze hadithi mwanzo, nenda na karatasi zote, picha zote, majina ya dawa zote. Daktari mwenye foleni ya watu sitini hana muda wa kusikia mwaka wako mzima, ila karatasi moja ataitazama. Andika hata siku njema, andika hasa siku njema, maana ndizo zinazokuonyesha ulichofanya tofauti.

Yapo mambo ambayo hayasubiri daftari. Mkono ukianza kukosa nguvu au nyama ya kiganja ikaanza kusinyaa, miguu ikaanza kulegea, haja ndogo ikakutoka bila taarifa, nenda siku hiyo hiyo. Mkono wa kushoto ukiuma pamoja na kifua na jasho jembamba, hiyo huenda ni habari ya moyo, nenda saa hiyo hiyo. Uso ukipinda upande na mkono ukalegea ghafla, usilale ukisubiri asubuhi.

Mdogo wangu wa Dodoma, wewe kwa uliyonieleza hujafika huko. Kesho kabla hujaanza kusuka, tafuta karatasi kubwa, hata ya kufungia mkate ukiipasua inatosha. Laza mkono, mwombe shangazi yako auzungushie kalamu. Yeye mwenyewe, si mtu mwingine. Kisha upake rangi mbele yake, hapa moto, hapa ganzi, hapa shoti. Ukimaliza ipige picha unitumie. Nitaitazama asubuhi kabla sijafungua duka.