Maswali na Majibu: Kabla hujatoa milioni tano, uliza kama inafunguka

Barua nyingi za wiki hii zinahusu laptopu za bei kubwa ambazo wenye mali wameshindwa kuzifungua, au wamezifungua wakakuta hakuna cha kubadilisha. Nimechagua saba.

Nimenunua laptopu ya shilingi milioni 5, RAM ni GB 8 aina ya LPDDR5. Muuzaji alisema nitaongeza baadaye. Fundi wa hapa ameifungua, anasema haiongezeki. Nani mkweli? – Mwalimu, Mbale

Fundi wako ndiye mkweli, mwalimu, na pole sana. Herufi mbili za mwanzo, LP, zilitosha kukuonya. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, ikiwa ya LPDDR karibu siku zote huchomelewa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, kwa hiyo GB 8 ulizonunua ndizo utakazozeeka nazo.

Kwa wengine ambao hawajalipa: washeni mashine palepale dukani, mfungue Task Manager ya Windows, muingie Performance, kisha Memory. Mkisoma SODIMM, RAM ni ya kuchomeka. Mkisoma "Row of chips", imechomelewa. Ni kazi ya dakika moja. Na muuzaji akikwambia "utaongeza baadaye", mwombe aandike maneno hayo kwenye risiti na kutia sahihi. Mwenye uhakika ataandika.

Laptopu gani ni nzuri? – Msomaji, Kampala

Kwa kazi gani, na una shilingi ngapi? Swali hili hunijia kila wiki hivihivi, bila kazi wala bajeti. Sitalijibu tena likija mikono mitupu.

Umeme ulikatika, uliporudi ulirudi kwa nguvu na laptopu ilikuwa kwenye chaja. Haikuwaka tena. Fundi anasema mazabodi imekufa na diski haitoki. Tasnifu yangu yote imo humo. Nifanye nini? – Mwanafunzi wa uzamili, Kampala

Hii ndiyo barua iliyoniuma kuliko zote, kwa sababu mashine ikifa kwa umeme mara nyingi diski yenyewe huwa nzima kabisa. Katika laptopu yenye diski ya kuchomoa, ningelegeza skrubu moja, nikaitia diski kwenye kasha la USB la bei ndogo, na kabla chai haijapoa ungekuwa unaisoma sura yako ya nne kwenye kompyuta ya jirani. Mazabodi ingekufa peke yake.

Kwako hali ni nyingine. Chipu za kuhifadhi data zimechomelewa kwenye bodi ileile iliyoungua. Njia iliyobaki ni kuifufua bodi, hata kwa saa mbili tu, ili data inakiliwe. Mara nyingi kilichoungua ni saketi ya kupokea umeme, na hiyo hutengenezeka. Mtafute fundi wa bodi, mwenye hadubini na michoro ya saketi, umwambie mapema kwamba unachotaka ni data, mashine baadaye. Mtu akitaka kuipasha bodi nzima moto "tuone kama itaamka", chukua laptopu yako uondoke. Na usirudishe chaja kujaribujaribu.

Ujue pia kwamba kwenye MacBook zenye chipu za Apple, tangu M1 ya mwaka 2020, kuhamisha chipu za data kwenye bodi nyingine hakusaidii, kwa sababu data imefungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa ikifa, umepoteza. Sikatai kwamba kufunga data ni ulinzi mzuri dhidi ya mwizi. Ninachopinga ni mtu kuuziwa mashine hiyo kwa mamilioni bila kuambiwa kwamba nakala ya pembeni ni lazima.

Wenye Windows nanyi msijione salama: kama BitLocker, kufuli ya Windows ya kufunga data, imewashwa, hata diski ya kuchomoka haitasomeka bila ufunguo wa kurejesha. Utafuteni leo, muuandike kwenye karatasi, karatasi ikae nyumbani. Na kila anayeandika tasnifu awe na nakala kwenye diski ya nje na nyingine mtandaoni, kila jioni.

Kampuni zinasema bila kuchomelea na kugandisha kwa gundi laptopu haiwezi kuwa nyembamba na yenye kasi. Si kweli? – Mhandisi, Entebbe

Kwenye RAM wana hoja. RAM ikikaa karibu kabisa na prosesa, data husafiri kwa kasi na umeme mdogo hutumika. Hata Framework ya Marekani, kampuni iliyojijengea jina kwa mashine za kufunguliwa na mwenyewe, ilichomelea RAM kwenye kompyuta yake ya mezani ya mwaka 2025 yenye prosesa ya AMD Ryzen AI Max, na ikaeleza sababu hadharani.

Kwenye diski na betri, hoja hiyo sijaiona. Laptopu ya kwanza ya Framework, ya 2021, ina unene wa milimita 15.85 na uzito wa kilo 1.3, na ndani yake RAM, diski, betri, hata mazabodi, vyote hubadilishwa kwa bisibisi moja inayokuja ndani ya boksi. MacBook Pro ya inchi 14 iliyotoka mwaka huohuo ina milimita 15.5 na kilo 1.6. Kwa hiyo tunanyimwa diski yetu kwa ajili ya theluthi ya milimita? Tena mwaka 2024 Lenovo ilitoa ThinkPad P1 Gen 7 yenye LPCAMM2, yaani RAM ya LPDDR inayofungwa kwa skrubu. Njia ipo. Mhandisi, wewe unajua kwamba kinachowezekana kisipofanyika, kuna aliyeamua kisifanyike.

Kipanya cha mguso kimeinuka na hakibonyezeki. Nibandike gundi? – Mfanyabiashara, Kasese

Hapana! Izime sasa hivi na uchomoe chaja. Betri iliyo chini yake imevimba, ndiyo inayokisukuma juu. Wiki iliyopita niliipokea ya namna hiyo: ukiiweka mezani inayumba kama sufuria yenye kitako kibovu, na kifuniko cha chini kimeachana na fremu kiasi cha kupitisha kucha. Mwenyewe alikuwa ameitumia hivyo kwa miezi.

Betri ya skrubu hutoka kwa dakika kumi. Iliyogandishwa, gundi yake hukatwa taratibu kwa uzi wa nailoni, kama ule wa kuvulia samaki, ukipitishwa chini ya betri huku na huku. Kamwe usiichokonoe kwa bisibisi, ikitoboka inawaka moto. Ukiwa hujawahi kuifanya kazi hii, mpe fundi. Umoja wa Ulaya umeshaandika sheria kwamba kuanzia 18 Februari 2027 betri za vifaa vya namna hii ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Wabunge wetu na wale wa Afrika Mashariki kule Arusha wanasubiri nini?

Windows 10 imeachwa na Microsoft tangu 14 Oktoba 2025. Mtu wetu wa IT anataka tuzitupe laptopu zetu ishirini za ThinkPad T480. – Afisa wa shirika, Gulu

Msitupe hata moja. Soma namba ya prosesa: kama ni i5-8250U, ile 8 ni kizazi, na kizazi cha 8 kinakubaliwa rasmi na Windows 11. T480 ina nafasi mbili za RAM, diski ya kuchomoa, na betri ya nje inayotoka bila bisibisi. Ongezeni RAM, wekeni SSD (diski ya kasi) mpya, msonge mbele. Zikiwemo za kizazi cha 7, wekeni Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows.

Na mkija kununua mpya, andikeni kwenye zabuni: RAM na diski zibadilike, betri ifungwe kwa skrubu. Mfadhili akileta zilizogandishwa kwa gundi, mwambieni mapema kwamba gharama yake itaangukia kwenu baada ya miaka mitatu.

Nilifungua laptopu kusafisha vumbi. Nimeifunga, skrubu moja imebaki, na sasa kuna doti jeupe kwenye skrini. Vinahusiana? – Kijana anayejifunza ufundi, Arua

Vinaweza kuhusiana. Skrubu za laptopu hazilingani urefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi huenda ikagusa kilicho juu yake, iwe bodi au, laptopu ikifunikwa, skrini. Ifungue tena, uchomoe waya wa betri kwanza, kisha utazame kila tundu. Siku nyingine chora umbo la kifuniko kwenye karatasi, na kila skrubu unayoitoa uichomeke kwenye karatasi mahali pake. Hata mimi, baada ya miaka yote hii, sifungui mashine bila karatasi hiyo.