Wimbo wa disko huanzia miguuni

Wimbo wangu wa kwanza wa disko niliuandika kama shairi: beti tano, vina vimekaa, mizani imetimia. Niliwapigia jamaa zangu wimbo huo. Wakausikiliza kwa adabu mpaka mwisho, na hakuna aliyetikisa hata bega. Iliniuma sana.

Siku hizi siandiki neno kabla mdundo haujasimama. Ngoma kubwa ipige moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka pigo. Mwendo wa disko mara nyingi huwa kati ya mapigo 110 na 130 kwa dakika. Mimi huanzia 118, kisha natembea chumbani nione kama hatua zinajipanga zenyewe. Halafu yaje matoazi ya mguu, yale mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa kanyagio, yafunguke katikati ya pigo na pigo: du-tsi, du-tsi. Earl Young, mpiga ngoma wa Philadelphia, ndiye anayetajwa sana kwa kuuleta mtindo huo, mwaka 1973. Ngoma inamkandamiza mchezaji, toazi linamnyanyua.

Kwenye besi usiwe na haraka. Wengi hupiga noti ya chini kisha ileile ya juu, chini-juu, chini-juu, na inafanya kazi. Lakini msikilize Bernard Edwards wa kundi la Chic: besi yake unaweza kuiimba peke yake ukiwa unafua. Nilikuwa na mstari wa noti tisa uliokataa kabisa kuchezeka. Nikafuta mbili zilizofuata pigo la kwanza, nikaacha kimya. Pale penye kimya ndipo kiuno kilipopata nafasi.

Gitaa nilijifunza kwa kumsikiliza Nile Rodgers, mwenzake Edwards. Mkono wa kulia haupumziki, unakwenda juu na chini. Wa kushoto ndio unaoamua nyuzi zipi zilie na zipi zizimwe. Iga kazi ya mikono, usiige noti zake. Kuchukua besi ya kibao cha mtu ukabadili noti moja si utunzi. Mdundo ni wa wote, melodia lazima iwe yako. Wala ala si lazima ziwe zilezile: mwaka 1977 watayarishaji Giorgio Moroder na Pete Bellotte walimtengenezea mwimbaji Donna Summer wimbo ambao ala zake karibu zote zilitoka kwenye sinthesaiza, ala ya umeme inayounda sauti, bila violini zilizozoeleka, na bado ulikuwa disko.

Sasa maneno, nayo yawe machache. Kwa Kiswahili, angalia mkazo: unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo ndiyo inayostahili pigo. Kiitikio changu kilisema "nisubiri mlangoni". Nilikuwa nimeangusha pigo kwenye "ri" na "ni", kikasikika kama kinaimbwa na mgeni wa lugha. Nilipokisogeza, pigo likatua kwenye "bi" na "ngo", kikaimbika chenyewe. Wala usiogope huzuni. Mwimbaji Gloria Gaynor aliimba kuhusu kuachwa, mwaka 1978, na watu wakajaa ukumbini kucheza.

Ukifika katikati, ondoa kila kitu, ubakize ngoma na besi kwa mizunguko minane ya mapigo manne. Kisha rudisha kimoja kimoja: gitaa, kinanda, violini. Sauti ya mwimbaji ichelewe. Wacheza wakianza kuimba kiitikio kabla yake, mwache akae kimya mzunguko mmoja zaidi.