Muulize Papa Fundi: swichi ya aspirateri inasema "tak" lakini motere hailii

Jambo sana Papa Fundi. Mimi ni mama wa Himbi hapa Goma, nasafisha mazulia na mafotei kwa nyumba za watu, njo kazi inalipia watoto minerval. Aspirateri yangu ni ya wati 1600. Tangu mwezi wa saba imeanza kunisumbua, nikifinya swichi na mguu inasema "tak" lakini haiwaki, nafinya tena, na tena, mara ya sita ao ya kumi njo inaguruma vizuri sana kama ya mupya. Siku ingine inawaka, kisha nikigusa tu ile batani inakata. Fundi mmoja alikuja akaangalia dakika mbili akasema motere imekufa, nimupe dola 35 anitafutie ingine. Jirani naye ananiambia nitoe swichi kabisa, nifunge waya direkti, nitakuwa nawashia kwa prizi. Niko na kazi siku ya posho. Nifanye nini?
Mama wa Himbi

Mama, hizo dola 35 zishike kwanza. Wewe mwenyewe umeandika kitu ambacho huyo fundi angekisikia kama angekuuliza: ikiwaka inaguruma kama ya mupya, na inakata ukigusa batani. Motere iliyokufa haifanye vile. Motere yenye makaa yaliyoisha (yale makaa mawili madogo yanayosugua pale inapozunguka) inazima katikati ya kazi bila mtu kugusa kitu, inalia kwa unyonge, inatoa cheche nyingi za buluu na harufu ya kuungua, na mara ingine ukiigonga ubavuni inarudi. Yako haina hata kimoja cha hivyo. Yako inasikiliza mguu wako tu, na pale chini ya mguu wako iko swichi.

Sasa elewa kitu kimoja juu kitakusaidia hata kwa mashini zingine: ile "tak" si umeme, ile "tak" ni plastiki. Ndani ya swichi ya kufinya mna vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Kuna resori na kandoano kadogo kanachoshika ukifinya mara ya kwanza na kuachilia ukifinya mara ya pili, sawa na biki ya kufinya juu, hiyo njo inasema "tak". Halafu kuna vibati viwili vyenye vichwa vidogo vya madini ya fedha, vinagusana umeme upite, vinaachana umeme ukatike. Kandoano kanaweza kuwa kazima kabisa na vile vichwa vimeungua vimekuwa vyeusi, basi unasikia "tak" na hakuna kinachopita. Ukifinya mara kumi unavisugua kidogo mpaka vinapata sehemu safi, njo motere inaguruma, wewe unafikiri imepona.

Na kuungua huko kunatoka wapi? Aspirateri ya wati 1600 kwa umeme wa volti 220 inakunywa karibu ampea 7, na ile nukta ya kwanza ya kuwaka inavuta zaidi ya hapo. Wakati wa kuzima, motere haikubali kuachwa ghafla, inarusha cheche kati ya vile vichwa viwili. Kila siku, mara ishirini, mwaka mzima kwa sababu wewe ni wa kazi si wa kusafisha mara moja kwa wiki. Ongeza na vumbi letu. Sisi watu wa Goma tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo, ile lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya muji na leo tunaitembeza kwa viatu mpaka sebuleni, vumbi yake ni nyeusi na kali, si kama udongo wa shamba. Ikiingia pembeni ya batani inashuka ndani ya swichi na inakaa hapo hapo kati ya vichwa. Ndiyo maana swichi za hapa zinakufa mapema na mimi sishangai tena.

Kabla ya kufungua, fanya hii ya bure. Chomeka taa ao pasi kwa ile prizi, uone kama prizi iko na umeme wa kweli. Kisha washa aspirateri na mtu mwingine akunjekunje waya kidogo karibu na fishi na pale unapoingia ndani ya mashini, ikiwaka na kuzima wakati wa kukunja basi waya imekatika ndani na swichi haina kosa. (Waya ikiwa imechubuka mpaka shaba inaonekana, usifanye hii, toa fishi na ubadilishe waya kwanza.) Vuta pia waya yote itoke kwenye kile kizungushio, juu ndani yake mna pete za shaba zinazosuguana, nazo zinachafuka.

Kama hivyo vyote viko sawa, toa fishi kwa prizi. Si kuzima, ni kutoa, na fishi uiweke mbele ya macho yako ambapo unaiona, mtoto asije akachomeka akifikiri anakusaidia. Ngoja dakika chache. Ndani mna kisanduku kidogo, kondansateri, kinaweza kubaki na umeme kidogo, miguu yake usiiguse na vidole.

Visi za aspirateri zinafichwa. Angalia chini ya mfuko, chini ya filtri, chini ya magurudumu, na nyingi zina kichwa cha nyota, T15 ao T20, ziko ndani ya tundu refu, basi unahitaji turnevisi ndefu. Usilazimishe kifuniko na kisu, kikikataa jua kuna visi ingine hujaiona.

Sasa Mama, ukishafungua, nisikilize vizuri hapa. Ile batani kubwa unayofinya na mguu si swichi. Ni kifuniko cha plastiki chenye mkono mrefu, na mwisho wa ule mkono njo unafinya swichi yenyewe, kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni iliyobaki. Shika ule mkono uelekeze kwenye mwanga wa dirisha, uangalie pale unapokunjwa. Mara nyingi nimekuta mstari mweupe mwembamba kama unywele, ni ufa, ukifinya mkono unajikunja badala ya kusukuma, swichi inafinywa nusu. Hapo swichi haina ugonjwa, ni mkono tu, na unaweza kuuwekea kibati chembamba na visi mbili ndogo, utakufanyia kazi miaka. Na ujue kufinya nusu kunaunguza swichi nzuri pia, kwa hiyo angalia vyote viwili.

Piga foto na telefone kabla ya kutoa waya hata moja. Foto mbili, ya juu na ya pembeni. Waya zinashikwa na vibati bapa, vuta kile kibati chenyewe na koleo ndogo, usivute waya. Kama hauna multimeta (kale kamashini ka kupimia umeme) azima kwa fundi wa telefone wa mtaani kwako, wote wanazo. Iweke pale panapolia "tiii", gusa miguu miwili ya swichi: ukifinya inatakiwa ilie, ukifinya tena inyamaze. Rudia mara ishirini bila kuchoka, juu swichi mgonjwa inaweza kujibu vizuri mara tatu na kukudanganya. Ikiwa na miguu minne, inakata waya zote mbili kwa pamoja, basi pima jozi ya kwanza kisha jozi ya pili. Ikikosa kulia hata mara moja, ao mguu mmoja umebadilika rangi na plastiki pembeni imekuwa kahawia, umempata mwenye kosa.

Wengine wanaifungua wanasugua vile vichwa na papie ya emeri. Mimi nimeshafanya hivyo nikiwa sina njia ingine, na ukiwa na kazi siku ya posho fanya ufike jioni. Lakini ujue ukisugua unatoa ile fedha ya juu, kinachobaki kinaungua haraka zaidi, ni dawa ya wiki mbili. Usiweke mafuta ya kupikia wala esansi, nimeona swichi zilizowekwa hivyo, mafuta yanashika vumbi inakuwa kama uji mweusi, na esansi ikikutana na cheche unajua mwenyewe.

Dawa ya kweli ni swichi mupya, na inauzwa kwa dola chache. Beba ile ya zamani mkononi uende Birere, usiende kuelezea kwa mdomo. Linganisha urefu, tundu za visi, idadi ya miguu, upana wa vibati. Halafu soma maandishi madogo ubavuni, hata kama muuzaji anakuharakisha. Ukiona 16(4)A 250V, ile 16 ni ya vitu vya joto kama pasi, na ile 4 ndani ya mabano njo ya motere. Watu wengi wanasoma 16 wanafurahi, wanaifunga kwa aspirateri ya ampea 7, baada ya miezi miwili wamerudi wanasema bidhaa ni feki. Namba ya mabano isipungue ampea za mashini yako. Ukiona 1E4 maana yake imetengenezwa kufinywa mara 10,000, na 5E4 ni mara 50,000. Kwa kazi yako wewe tafuta 5E4, hata ikiongezeka dola moja.

Kuhusu jirani yako. Najua anakutakia mema, ila hapana Mama. Umeme wetu unakwenda na kurudi bila kubisha hodi. Umeme ukikatika katikati ya kazi utaacha fishi kwa prizi uende kuongea na mwenye nyumba, utasahau, saa nane za usiku umeme unarudi na mashini inaguruma peke yake, mfuko umejaa, bomba limelala juu ya zulia, haivuti hewa ya kuipoza motere, na watu wamelala. Ukiwa na swichi unazima umeme ukikatika, na ile njo desturi nakuomba uichukue kuanzia leo. Tena ukiwasha kwa kuchomeka fishi, zile cheche zilizoua swichi unazihamishia kwa prizi ya mteja, prizi inaanza kuyeyuka na atakudai wewe.

Papa Fundi, yangu inawaka bila shida lakini baada ya dakika kumi inazima yenyewe, nikifinya swichi haijibu, nikirudi kisha chakula inawaka tena. Na mimi nibadilishe swichi?
Kijana wa Majengo, Goma

Usibadilishe kitu. Swichi haijui saa. Iko kinga ndani ya motere inayokata ikipata joto sana, ikipoa inarudisha, na inakwambia hewa haipiti. Toa mfuko, toa filtri zote mbili, ya mbele ya motere na ya nyuma, angalia bomba na mwanga wa telefone upande hadi upande. Nakuuliza pia swali: unavuta majivu ya mbabula? Wengi wa hapa wanafanya. Majivu ya makala ni laini sana, yanaziba filtri kwa dakika chache hata kama mfuko unaonekana nusu, na kakaa kamoja chenye moto ndani kinatosha kuchoma mfuko na nyumba. Majivu ni ya kufagia, yakiwa yamelala usiku kucha. Na ikizima, toa fishi wakati unangoja ipoe.

Jambo Papa Fundi. Nilibadilisha swichi mimi mwenyewe, nilifurahi iliwaka mara moja, lakini sasa ile batani ya kuzungusha ya kuongeza na kupunguza nguvu haifanyi kitu, inakwenda nguvu zote kila wakati. Sikupiga foto.
Ndugu wa Kadutu, Bukavu

Ndugu yangu, mambo ni mawili. La kwanza, na mimi naliweka mbele juu umesema lilianza siku ile ile, ni kwamba waya mbili zimebadilishana nafasi. Kwa mashini zenye batani ya nguvu, umeme unatoka swichi unaingia kwanza kwenye kibao kidogo cha elektroniki, kisha motere. Ukiruka kibao, motere inakula umeme wote. Toa fishi, fuata waya mmoja mmoja na kidole: ule unaotoka swichi unatakiwa ufike kibao, na kutoka kibao njo uende motere. Ukikuta unaotoka swichi umekwenda motere moja kwa moja, hapo ndipo kosa liko. La pili, kama waya ziko sawa, kale kadude chenye miguu mitatu kwenye kibao, triaki, kimeungua kikashikana, na hiyo ikitokea inapitisha umeme wote vile vile. Inaandikwa namba usoni, unaipeleka kwa fundi wa televisheni anaitoa anaweka ingine, si kazi ya nusu siku. Anza na waya, kisha uniandikie umekuta nini, na safari hii tuma na foto.