"Wameteka", "wameingia" au "wamedhibiti"?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasoma taarifa ya habari katika redio ya jamii hapa Kigoma, na wasikilizaji wetu wengi wana ndugu ng'ambo ya ziwa. Habari za vita ya Kongo hutufikia kwa Kiingereza na Kifaransa, sisi tunatafsiri. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ilipoanguka nilisema waasi wa M23 "wamedhibiti mji". Msikilizaji akapiga simu, akaniita kibaraka wa Rwanda. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba. Ukibaraka huna, ila neno lilikuponyoka. Katika masikio ya Mswahili, kudhibiti ni kazi ya mwenye mamlaka: polisi hudhibiti ghasia, zimamoto hudhibiti moto. Ukisema kikundi chenye silaha kimedhibiti mji, ni kama umesema fujo ilikuwapo kabla yao. Wameuteka, basi. Au wanaushikilia. Wao M23 walitangaza kwamba wameukomboa. Hilo waliseme kwa sauti yao, wewe usiliazime.

Halafu kuna suala la saa. Alfajiri ya tarehe 27 Januari 2025 M23 walitangaza kuuchukua mji, lakini mapigano yaliendelea na uwanja wa ndege haukuwa mikononi mwao hadi siku iliyofuata. Kwa hiyo aliyesema "wameingia Goma" ile asubuhi alikuwa sahihi, na aliyesema "wameteka" alikuwa ametangulia. Ndiyo maana redio mbili zilitofautiana bila hata moja kudanganya. Andika saa ya habari juu ya karatasi yako kabla ya kuchagua kitenzi.

Mtego mkubwa zaidi ni Wazalendo, na huu unatunasa sisi kuliko wenzetu wa lugha nyingine. Kwa msomaji wa London hilo ni jina tu la wanamgambo wanaopigana upande wa serikali ya Kinshasa. Kwetu ni sifa. Jaribu kusoma kwa sauti: "Wazalendo wameshutumiwa kuwapiga raia." Sentensi inajigonga yenyewe! Mimi huandika "wanamgambo wanaojiita Wazalendo" mara ya kwanza, kisha "wanamgambo hao" hadi mwisho. Ni ndefu, najua, na mtangazaji wa zamu hunilalamikia.

Angalia pia vifo. Aliyepigwa bomu hakufariki wala hakupoteza maisha, ameuawa. Kufariki tuwaachie waliokufa kitandani. Na ukishaandika "ameuawa", kiungo "na" kinadai jina: ameuawa na nani? Kama hujui, sema haijathibitishwa nani alirusha. Usikimbilie "wamepoteza maisha" ili kulikwepa swali.

Idadi nayo ipe tarehe na mwenyewe. Mwishoni mwa Januari Umoja wa Mataifa ulitaja watu wasiopungua 700 waliouawa Goma na viunga vyake. Siku chache baadaye ukasema miili 2,000 imezikwa na mingine 900 imo mochwari. Asiyetaja siku huonekana mwongo wiki inayofuata.

Kuhusu Rwanda, msikilizaji wako huenda alikasirishwa na ulichokiacha kuliko ulichokisema. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba kuna wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 upande wa M23. Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773, liliitaka Rwanda iache kuwaunga mkono na iondoe majeshi yake. Kigali husema inachukua hatua za kujilinda. Yote matatu yanaingia katika sentensi mbili, kila moja na msemaji wake. Ila chunga kitenzi cha kunukuu: nimesikia taarifa nyingi ambamo serikali "inasema", "inaeleza", "inafafanua", na waasi "wanadai" tu. Kudai kwetu kuna harufu ya shaka. Wote wape "wamesema".

Na yule aliyepiga simu, mpigie. Muulize ndugu zake wa Goma wanatumia neno gani.