Beki wa kwanza umchukue raundi ya ngapi? Namna ya kupanga mabeki kwenye drafti ya FPL

Agosti ikikaribia, swali ni lilelile: beki wa kwanza nimchukue raundi ya ngapi? Safari hii limekuja na orodha. Msomaji yuko kwenye ligi ya watu wanane, zamu yake ni ya tano, na ametuma mabeki 20 aliowapanga kwa mkono wake. Kumi wa kwanza wote wanatoka klabu nne kubwa. Ndugu yetu, mpira unaujua, lakini orodha hiyo itakuponza.

Kwa ambao hawajaicheza: drafti si ile FPL (Fantasy Premier League, mchezo wa kuunda kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani) ya bajeti ya pauni milioni 100. Hakuna bei, hakuna nahodha, mnachagua wachezaji kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja wenu, wengine mnamtazama tu. Zamu zinakwenda na kurudi, aliyechagua wa mwisho raundi ya kwanza anakuwa wa kwanza raundi ya pili. Raundi ni 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Kila wiki lazima mabeki wasiopungua watatu waanze.

Sasa hesabu, maana watu wengi huiruka hii na kukimbilia majina. Watu wanane mara mabeki watano ni mabeki 40. Premier League ina timu 20, na timu nyingi huanzisha mabeki wanne, kwa hiyo kila wikiendi kuna mabeki kama 80 uwanjani. Nusu yao watabaki bila mwenyewe, wanasubiri kuokotwa. Geukia washambuliaji: mnachukua 24, na timu nyingi siku hizi zinaanza na namba tisa mmoja tu. Drafti ikiisha, mshambuliaji wa uhakika hayupo sokoni. Ndiyo maana thamani ya beki haipimwi kwa pointi zake peke yake. Chukua pointi zake, toa pointi za beki utakayemwokota bure mwezi Septemba, kinachobaki ndicho unacholipia kwa zamu yako.

Hesabu hiyo hubadilika na ukubwa wa ligi. Mkiwa wanne, mabeki 20 tu wanaondoka, na kumchukua beki kabla ya raundi ya nane ni kupoteza zamu. Mkiwa 12, wanaondoka 60, na hapo beki anayeanza kila wiki ni mali. Mkiwa 16, ambao ndio ukomo wa ligi moja, mnachukua 80, yaani sokoni wanabaki wa benchi na majeruhi. Usichukue ushauri wa ligi ya 16 ukautumia kwenye grupu la marafiki wanane.

Beki anapata wapi pointi? Akicheza dakika 60 au zaidi, 2. Timu isipofungwa akiwa amefikisha dakika 60, 4. Bao 6, pasi ya bao 3. Kila mabao mawili timu yake inayofungwa akiwa uwanjani, anakatwa 1. Kadi ya njano inakata 1, nyekundu 3. Bonasi ni 1 hadi 3. Na tangu msimu wa 2025/26 kuna pointi 2 za kazi ya ulinzi, na hizi ndizo zilizoipindua orodha nzima ya mabeki.

Tuanze na mechi za kutofungwa, kwa sababu watu huzikadiria kwa ushabiki. Iko njia ya haraka. Chukua mabao ambayo timu inatarajiwa kufungwa kwa mechi. Ikiwa ni 0.8, uwezekano wa kutofungwa ni karibu asilimia 45. Ikiwa ni 1.0, asilimia 37. Kwa 1.5 unashuka hadi 22, na kwa 2.0 ni 13 au 14. Ukitaka kuamini, ijaribu kwa misimu iliyopita. Liverpool ya 2018/19 ilifungwa mabao 22 katika mechi 38. Hesabu inatoa mechi 21 bila kufungwa, na ndizo walizopata, 21 kamili. Arsenal ya 2023/24 ilifungwa 29; hesabu inasema karibu 18, na zilikuwa 18.

Tazama basi tofauti inayotoka humo. Timu ya bao 0.8 inakupa mechi 17 kwa msimu, yaani pointi 68. Timu ya 1.5 inakupa 8 au 9, kama pointi 34. Pengo ni pointi 34 kwa msimu mzima, hata moja kwa wiki haifiki. Si kidogo, lakini si kitu cha kuuzia zamu ya pili. Tena usitumie mabao halisi ya msimu uliopita peke yake. Kipa aliyekuwa na msimu wa maisha yake huficha ukuta uliooza. Tazama mabao yaliyotarajiwa dhidi ya timu, yale yanayopimwa kwa ubora wa nafasi ilizoruhusu. Timu iliyofungwa 40 huku ikiruhusu nafasi za mabao 52 ina deni, na mara nyingi msimu unaofuata hulilipa.

Pointi za ulinzi ndizo zinazostahili muda wako zaidi. Beki anapata 2 akifikisha vitendo 10 ndani ya mechi moja, ukijumlisha vya aina nne: kuondosha mpira, kuzuia mpira kwa mwili, kunasa pasi, na kumpokonya mpinzani mpira. Akifikisha 25 bado ni 2 tu. Kuokota mpira uliopotea, ambako kwa viungo na washambuliaji kunahesabiwa (nao wanatakiwa wafikishe 12), kwa beki hakuhesabiwi. Kosa tunaloliona sana ni mtu kuchukua jedwali la takwimu lenye kila kitu, akajumlisha na mipira iliyookotwa, akashangaa beki wake wa "vitendo 13" anaambulia sifuri.

Nani anafikisha 10? Mara nyingi beki wa kati wa timu inayokaa nyuma na kupigiwa krosi. Kila krosi anayoipiga kichwa kwenda nje ni kitendo kimoja. James Tarkowski wa Everton ni mfano wa darasani, na Marcos Senesi alionyesha hivyo hivyo akiwa Bournemouth. Beki wa pembeni hupokonya mipira lakini haondoshi mingi, kwa hiyo hukwama kwenye 6 au 7. Mabeki wa kati wa timu inayomiliki mpira asilimia 65 ya muda hawana cha kuondosha. Kumbuka pia kwamba wastani hudanganya: anayepata 9 kila mechi hana kitu, ilhali anayepata 5 leo na 13 kesho ana pointi 2 kila baada ya mechi moja, na wastani wao ni uleule. Hesabu mara ngapi alivuka 10, mechi kwa mechi, angalau mechi 15 za mwisho. Kocha akibadilishwa, anza upya, kwa sababu mstari wa ulinzi ukipanda mita 15 krosi zinapungua na vitendo vinakwenda nazo.

Weka watu watatu wa mfano mezani, namba za kukadiria tu.

Wa kwanza ni beki wa kati wa timu ya juu anayelengwa kwenye kona, mtu wa aina ya Gabriel wa Arsenal. Mechi 34 kwa dakika 60 na zaidi ni 68, mechi 12 bila kufungwa akiwemo ni 48, pointi za ulinzi mara 15 ni 30, mabao mawili 12, pasi mbili za bao 6, bonasi 8. Toa 10 za mabao ya kufungwa na 5 za kadi. Jumla 157.

Wa pili ni beki wa kati wa timu ya katikati ya msimamo. Pointi za dakika 68, mechi nane bila kufungwa 32, ulinzi mara 18 ni 36, bao moja 6, bonasi 4. Toa 16 na kadi 6. Jumla 124.

Wa tatu ni beki wa pembeni wa klabu kubwa, jina ambalo kila mtu kwenye grupu analijua. Anaanza mechi 26 tu kwa sababu kuna Ligi ya Mabingwa katikati ya wiki na kocha anazungusha, hivyo 52, ongeza 4 za kuingia akitokea benchi. Mechi 10 bila kufungwa 40, ulinzi mara mbili 4, bao moja 6, pasi tano za bao 15, bonasi 6. Toa 7 na kadi 4. Jumla 116.

Huyo wa tatu ndiye anayejaa kwenye kumi bora za msomaji wetu, na watu humchukua raundi ya nne. Wa pili anakaa mpaka ya tisa au ya kumi, akiwa na pointi nane zaidi. Hakuna uchawi hapo, ni dakika na kazi ya ulinzi. Guardiola akiwa kocha wa Manchester City kwa miaka mingi aliwafundisha watu somo hili la mabeki wa pembeni, na bado hawasikii.

Beki wa pembeni anayestahili kupandishwa juu ni yule mwenye moja ya mambo mawili: anapiga kona na mipira ya adhabu, au anacheza mbele kuliko anavyoitwa. Kieran Trippier alipata pointi 198 msimu wa 2022/23 akiwa Newcastle, mguu wake ukiwa kwenye kila mpira uliosimama. Andrew Robertson alifikisha 213 mwaka 2018/19, lakini nyuma yake kulikuwa na ile Liverpool ya mechi 21 bila kufungwa. Kwa kulinganisha, Haaland alipata 272 mwaka 2022/23 na Salah 344 mwaka 2024/25. Hiyo ndiyo sababu raundi mbili za kwanza si za mabeki, hata beki awe nani. Wa aina ya pili ni kama Daniel Muñoz alivyokuwa kwenye Crystal Palace ya kocha Oliver Glasner, beki kwenye orodha ila alikuwa akikimbilia ndani ya boksi kama winga. Mechi za kirafiki za Julai zitazame kwa ajili ya haya mawili tu: nani anasimama kwenye kona, na nani amesogezwa mbele. Matokeo yake hayakuhusu.

Wapange kwa madaraja, usiwapange mmoja mmoja. Daraja la kwanza ni la wanaopata pointi kwa njia tatu: kutofungwa, kazi ya ulinzi, na mabao au pasi. Kwa kawaida hawazidi watano. Daraja la pili wana njia mbili kati ya hizo, kama 12 hivi. La tatu wana njia moja ila dakika zao ni za uhakika. Wengine wote ni wa kuokota. Timu iliyopanda daraja, weka alama ya tahadhari: Sheffield United ilifungwa mabao 104 mwaka 2023/24, na timu ikifungwa namna hiyo, makato ya kila mabao mawili hula zile pointi za ulinzi ulizomfuatia beki wake.

Kwa zamu ya tano katika watu wanane, chaguo zako ni namba 5, 12, 21, 28, 37, 44 na kuendelea. Ukifika namba 21, kati yako na 28 kuna zamu sita, za watu watatu. Wakibaki watatu wa daraja la kwanza, na washambuliaji wazuri bado wapo, chukua mshambuliaji. Mara nyingi mmoja wa wale watatu atakurudia. Akibaki mmoja tu, amua sasa: umchukue, au umsahau na usimame kwenye daraja la pili mpaka raundi ya saba. Kinachoua ni mbio. Mtu mmoja anachukua beki, wa pili anafuata, wa tatu anaogopa, na ghafla mabeki watano wameondoka ndani ya dakika mbili. Mbio zikianza na daraja lako limekwisha, geuka uchukue viungo walioachwa. Beki wa nne na wa tano wachukuliwe raundi za 12 hadi 15 bila jasho.

Hao wawili wa mwisho watafute kwa ratiba. Klabu za mji mmoja kwa kawaida hazipangwi nyumbani wikiendi moja: Everton na Liverpool, City na United, Arsenal na Tottenham. Ukiwa na beki wa kila upande, karibu kila wiki una mmoja anayecheza nyumbani, na nyumbani timu hufungwa mabao machache kuliko ugenini.

Baada ya drafti, wa kuokota hupatikana kwa weiva, maombi yanayoshughulikiwa saa 24 kabla ya mwisho wa kupanga timu, aliye chini kwenye msimamo akianza. Mwisho wenyewe ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ya Jumamosi ya saa sita na nusu mchana kule Uingereza, wakati wa majira yao ya joto, kwetu Afrika Mashariki ni saa nane na nusu. Mwisho wa kupanga ni saa saba, na weiva zinafungwa Ijumaa saa saba mchana, wakati wengi wako msikitini. Weka maombi yako Alhamisi usiku. Saa zao zikirudi nyuma mwishoni mwa Oktoba, yote yanasogea saa moja mbele kwetu. Weiva zikishapita, aliyebaki ni wa atakayewahi.

Na kabla ya siku ya drafti, ingiza madaraja yako kwenye orodha ya kufuatilia ndani ya mfumo, kwa mpangilio. Umeme ukikatika au bando likiisha zamu yako ikiwa inahesabiwa, mfumo utakuchagulia kutoka kwenye orodha hiyo. Ukiiacha tupu, utachaguliwa kwa mpangilio wa mfumo wenyewe.